Dalili Iliyofutwa

Mzee Droo alitania hadi swali la nane. Swali la tisa lilimkausha mdomo.

"Mara ya mwisho kuiona karatasi namba kumi na nne kwa macho yako ilikuwa lini, mzee?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao katika chumba cha mahojiano, koti lake la kazi likimpwaya mabegani. Ufunguo wa masijala ya ramani ulikuwa umetoka kiunoni mwake kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja. Tangu aingizwe asubuhi ile alikwisha kuuliza kama chai ya mahabusu huchemshwa au hutishiwa moto tu, akamwambia Sajini kwamba kwa mwendo ule wa kuandika watafuturu wajukuu, na akamsifia Inspekta kuwa ana sura ya mtu anayelala vizuri. Sasa alishika ukingo wa meza kwa vidole viwili, akanyamaza.

"Ijumaa," alisema hatimaye. "Nilihakiki droo zote, nikasaini. Kitabu kipo, kitasema."

"Sijakiuliza kitabu, nimekuuliza wewe."

"Basi Ijumaa, binti yangu."

Inspekta alisubiri utani ufuate. Haukuja.

Karatasi namba kumi na nne ilikuwa ramani asili ya upande mmoja wa mji, iliyochorwa kwa mkono kabla Inspekta hajazaliwa. Ndiyo pekee iliyoonyesha mpaka halisi kati ya mtaa wenye nyumba sitini na kiwanja cha maghala. Mwenye maghala alikuwa na nakala iliyosema nyumba zile zimo ndani ya kiwanja chake. Wakazi walisema nakala imekosewa. Hakimu akaamuru ramani asili iletwe mbele yake Alhamisi, na Jumanne karani wa mahakama alipokwenda kuichukua, ndani ya bahasha ya plastiki namba kumi na nne ikatoka karatasi nyeupe, tupu, ya ukubwa uleule. Leo ilikuwa Jumatano. Masijala ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa kiunoni mwa mtu mmoja. Kesho asubuhi ama ramani ifike mahakamani, ama Mzee Droo apandishwe kizimbani kwa wizi wa nyaraka, miezi miwili kabla ya kustaafu, na familia sitini zianze kufungasha.

Sajini alimaliza kuandika maelezo, akayasukuma upande wa pili wa meza kama yalivyokuwa mbele yake. "Soma, mzee, kisha utie sahihi."

Mzee Droo aliinamia karatasi, akaipitia kutoka juu hadi chini bila haraka. "Mwandiko mzuri," alisema. "Mama yako aliona mbali kukupeleka shule."

"Umeishika kichwa chini, mzee."

"Nilitaka kuona kama mtagundua," alijibu, naye Sajini akacheka, akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali. Mzee akatia sahihi yake ndefu, nusu kwenye mstari, nusu kwenye hewa iliyo chini yake. Kisha askari akaja akamrudisha mahabusu.

Kituo kizima kilijua kwamba Inspekta hana papara na alama za vidole. Yeye alianza na mtu. Kwa hesabu yake wanadamu wote walienea katika vyumba vinne. Kulikuwa na Msukuma-mlango, anayejibu kabla swali halijaisha ili aende zake. Kulikuwa na Mkaa-pembeni, anayechagua kiti chenye ukuta nyuma na kumwacha mwenzake aseme kwanza. Mtandika-kitanda hawezi kuona jambo limekaa upande asilinyooshe, liwe shuka au sentensi. Na Mpiga-soga huchekesha watu ili watu wasimtazame sana. Kila mmoja ana namna yake ya kusema kweli na namna yake ya kudanganya, na ukishajua mtu analala chumba kipi, utajua uongo wake utatokea mlango gani. Yote hayo aliyaweka kwenye daftari lenye gamba jeusi alilolibeba mkobani kwa miaka kumi na tano.

Hakuyaokota barabarani. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipolazwa kwa muda mrefu, na kila jioni mjomba wake, mpelelezi wa siku nyingi, alimkalisha kwenye benchi la ukumbi wa hospitali wakisubiri kuruhusiwa kuingia. Ili mtoto asilie, mjomba alimchezesha mchezo. "Yule mwenye mwavuli, ni mtu wa namna gani? Umejuaje?" Mama hakutoka hospitali ile akiwa hai. Mjomba akamchukua mtoto, na mchezo ukaendelea mezani kwake, sokoni, kwenye foleni, hadi siku binti alipovaa sare.

Mchoraji ramani aliingia saa nne kamili, akatupia jicho saa ya ukutani kuhakikisha. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, kucha safi, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Hakumpotezea Inspekta muda kumjua. Huyu alitandika kitanda hata akiwa hotelini.

"Nieleze unachokijua," Inspekta alisema.

"Jumanne ndiyo nilirudi kazini, nikamkuta karani wa mahakama ameshika karatasi tupu. Kabla yake, Jumatatu na Jumapili, tulikuwa nje ya mji tunapima barabara mpya, mimi na wenzangu watatu. Jumamosi tulifunga vyombo vya kupimia hukohuko kutwa nzima. Tuliondoka Ijumaa, saa nane mchana."

Mezani palikuwa na kisahani cha pini za karatasi. Mkono wake ulikuwa umeanza kuzipanga, moja pembeni ya nyingine. Ghafla ukatulia.

"Samahani. Si saa nane, ni saa nane na robo. Wenzangu walishapanda gari, na ile robo saa nilibaki peke yangu ofisini natafuta miwani ya jua. Ni vizuri mlijue hilo."

Ile robo saa ilikuwa ya kumwumiza yeye mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameiuliza. Inspekta aliona moyo wake unatulia. Sajini aliinua kalamu, akamtazama. Huo ulikuwa utaratibu wao wa miaka mingi: Inspekta akiitikia kwa kichwa, maana yake mtu huyu anasema kweli, andika bila wasiwasi. Inspekta akaitikia.

"Mtunza ramani unamwonaje?"

"Pale ofisini ni baba yetu. Sitaki kumsema." Mchoraji alisita. "Ila siku hizi hataki mtu asogee kwenye droo zake. Zamani hakuwa hivyo."

Akaachiwa arudi kazini. Alipotoka, pini kumi na mbili zilikuwa zimelala kwenye kisahani kwa mistari mitatu.

Ofisini kwake Inspekta alifunga mlango, akapiga simu anayoipiga katika kila jalada zito kabla ya kuandika hati ya mashitaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nitakula. Nina watu wawili hapa." Akamsimulia wote wawili, kama kawaida bila majina. Mjomba alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa amestaafu mwaka wa tano sasa, lakini masikio yake hayakustaafu.

"Mpiga-soga akiacha utani," mjomba alisema, "hapo ndipo penye jipu. Usimwachie. Na huyo mwingine amekupa robo saa ya kumfunga nayo. Mwongo haleti kamba yake mwenyewe."

"Nami nimeona hivyo."

"Basi umeshamaliza kazi. Kwani unanipigia ya nini?"

"Nikusikie tu. Na mchumba wa dada yangu, huyo binti yako, lini mtatuonyesha? Au mmeokota jini?"

Mjomba alicheka. "Mambo yakitulia, mama. Kijana wa watu ana kazi za kusafiri safiri. Utamwona."

Inspekta alivuta fomu ya mashitaka. Alikuwa ameandika nusu ya jina la ofisi ya upimaji wakati Sajini alipoingia na maelezo ya mchoraji, amenuna.

"Huyu jamaa kanitesa, afande. Maelezo yanatakiwa yaanze mwanzo yaishie mwisho. Yeye kaanza mkiani, karudi kichwani. Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, ndipo Ijumaa. Nimechora mishale mpaka karatasi imekuwa ramani nyingine."

Inspekta alicheka. Kisha kicheko kikamfia mdomoni, akaweka kalamu chini.

Alilitoa daftari jeusi mkobani, akafungua kurasa za Mtandika-kitanda mahali palipoandikwa dalili za ukweli. Zilikuwa tatu. Ya kwanza: hujisahihisha jambo dogo, hata likimdhuru. Ya pili: akikumbuka hupanga vitu vilivyo mbele yake, na akishakumbuka mkono hutulia. Ya tatu: huanza habari kwa mwisho, akarudi nyuma. Ile ya tatu ilikuwa imekatwa mistari miwili ya wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwa mkono wake mwenyewe: *Si tabia, ni kazi. Fundi saa.*

Aliikumbuka vizuri aibu ile. Ile dalili ya tatu aliipata kwa fundi saa mmoja mkweli, aliyesimulia kila kitu kinyumenyume kwa sababu ndivyo alivyofungua saa maishani mwake, kioo kwanza, kamani ya ndani kabisa mwisho. Inspekta akadhani ni hulka ya watu wote wa namna ile. Miaka sita iliyopita nusura imfanye amwachie mhalifu, ndipo alipoifuta. Tangu hapo hakuona mtu mwingine anayesimulia hivyo. Wala, alipokaa akafikiri, hakuwahi kuona mtu aliyetoa dalili zote tatu. Watu wa kweli hutoa moja, tena kwa kujisahau. Mchoraji alikuwa amezitoa zote kwa dakika kumi, pamoja na ile isiyokuwepo.

Mtu huyu alikuwa amefundishwa. Na aliyemfundisha alisoma daftari kabla ya wino mwekundu.

Daftari lile lilitoka mikononi mwake mara moja tu, miaka minane iliyopita, kwa wiki mbili. Mjomba alitakiwa kufundisha vijana chuoni, akaliazima, akalinakili lote kwenye daftari lake la gamba la kijani.

"Afande?" Sajini aliuliza. "Kuna nini?"

"Nipe maelezo ya Mzee Droo," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hata yeye aliistaajabia. Alihitaji kuanza na kitu ambacho hakikumwuma.

Aliitazama ile sahihi iliyoning'inia chini ya mstari. Akachukua karatasi moja tupu kutoka kwenye rimu, akateremka nayo mahabusu.

"Mzee, maelezo yako nimeyapiga chapa. Yapitie uone kama yako sawa."

Mzee Droo aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akasogea nayo karibu na dirisha la nondo. Aliipitia taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. "Yako sawa kabisa," alisema, akainyoosha amrudishie.

"Hiyo karatasi haina kitu, mzee."

Mzee alibaki ameinyoosha ile karatasi mbele yake. Kisha akakaa kwenye benchi.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Kwanza herufi, baadaye sura. Wewe hapo nakujua kwa sauti na kwa kivuli."

"Ulisema nina sura ya mtu anayelala vizuri."

"Kuna mwanamke atakayekataa?" Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Ningesema wangenitoa siku hiyohiyo. Nilitaka nimalize hii miezi, niagwe, nitoke kwa miguu yangu. Zile droo nazijua kwa vidole. Nahesabu kutoka juu. Kila Ijumaa nazihesabu bahasha, nahesabu karatasi ndani ya bahasha. Zikitimia, nasaini."

"Kwa hiyo Ijumaa ulihesabu karatasi. Hukuiona ramani."

"Sijaiona ramani yoyote mwaka huu, binti yangu."

Basi ile Ijumaa ilianguka, na pamoja nayo ikaanguka safari ya kupima barabara, wenzake watatu, gari na robo saa. Mchoraji alikuwa na ushahidi mzito wa siku nne ambazo hazikuhusika. Ramani ingeweza kutoka siku yoyote.

"Nani anajua habari ya macho yako?"

"Hakuna." Mzee alifikiri. "Labda yule mchoraji. Kama wiki tatu zilizopita aliniazima karatasi akachore, aliponirudishia akaniuliza, 'Umeiona, mzee?' Nikasema nimeiona. Akakaa kimya kidogo kabla hajaondoka. Sikuupenda ule ukimya."

Saa sita mchana Inspekta na Sajini walikuwa ndani ya masijala ya ofisi ya upimaji. Kitabu cha kuazimisha kilionyesha wazi: siku ishirini na mbili zilizopita, karatasi namba kumi na nne, mchoraji, kutoka asubuhi, kurudi jioni. Mlango wa masijala ulikuwa na kioo kidogo kilichotazama chumba cha wachoraji ng'ambo ya ukumbi. Wachoraji wengine walikuwa wametoka kula. Mchoraji alikuwa ameinamia ubao wake, rula mkononi, simu pembeni sambamba na ukingo wa meza.

Inspekta alimtuma Sajini akasimame chini ya ngazi. Kisha akapiga simu ambayo angetoa chochote asiipige. Alitamani sana awe amekosea.

"Mjomba, nimebadili mawazo kidogo. Mpiga-soga bado ndiye wangu, lakini mkubwa wa kituo anataka tukamilishe utaratibu. Saa nane napewa hati ya upekuzi. Tutafungua chumba cha wachoraji, ubao kwa ubao."

"Mnajisumbua," alisema mjomba.

"Ndivyo nilivyomwambia. Sijamwambia mtu mwingine. Nakueleza wewe tu."

"Sawa, mama. Kula kwanza."

Inspekta alikata simu, akasogea kwenye kioo. Hakufika hata kuhesabu hamsini. Simu ya mchoraji ilitetemeka juu ya meza, akaipokea, akasikiliza bila kusema neno. Mwishoni alisema maneno mawili, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba yalivuka.

"Sawa, baba."

Mchoraji aliondoka mezani akachungulia mlangoni, akarudi, akatoa bisibisi kwenye droo. Aliupindua ubao wake mkubwa wa kuchorea, akafungua skrubu za nyuma moja baada ya nyingine, akizipanga mstarini. Alipoanza kubandua bamba la mgongo, Inspekta alikuwa amesimama mlangoni.

"Taratibu," alisema. "Usije ukaichana."

Bisibisi ilianguka. Mchoraji hakukimbia. Alikaa kwenye kiti chake kirefu, mikono magotini, akamwacha Inspekta ainue bamba mwenyewe. Karatasi namba kumi na nne ilikuwa imelala pale, wino wake wa zamani umegeuka rangi ya kahawia, mpaka wa mtaa ukipita waziwazi ng'ambo ya mfereji.

"Ile nakala ya mwenye maghala niliichora mimi," mchoraji alisema. "Miaka minne iliyopita. Niliuweka mpaka upande wa huku wa mfereji. Nilikosea mstari mmoja. Hakimu akizilaza hizi mbili pamoja, mimi nimekwisha."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Niliwasha kiberiti mara mbili." Alitazama karatasi. "Angalia huo mkono. Mtu alikaa miezi juu ya hii."

"Na kuanza habari kwa mwisho, nani alikufundisha?"

Alishangaa kweli, pengine kwa mara ya kwanza siku ile. "Alisema ukisikia hivyo utaniamini. Pini pia. Tulifanya mazoezi Jumanne jioni, na vijiko." Akashusha sauti. "Alisema mimi na wewe tutajuana siku ya harusi, tutacheka."

Sajini alipanda, pingu zikafungwa, ramani ikaingia kwenye bomba la kubebea na kutiwa lakiri mbele ya mkuu wa ofisi. Karani wa mahakama akaipokea na kusaini saa nane na nusu. Saa tisa Mzee Droo alirudishiwa mkanda wake na viatu vyake. Aliuliza imekuwaje yeye, aliyejificha mwaka mzima mbele ya wenye macho, aumbuliwe na karatasi tupu.

Nyumba ya mjomba ilikuwa ileile, ngazi tatu, mlango wa kijani, kabati la vitabu sebuleni. Sajini alisubiri kwenye gari. Mjomba alikuwa ameshaweka sinia la chai mezani, vikombe viwili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimemwona mchumba," Inspekta alisema, bado amesimama.

Mjomba alimimina chai kwenye kikombe kimoja, akaweka birika chini. Hakumimina cha pili. "Yukoje?"

"Mtandika-kitanda. Ulimpangia vizuri. Ulimpa hata dalili niliyoifuta."

"Uliifuta?" Mjomba aliuliza, na kwa kweli alionekana kuhuzunika kwamba hakuambiwa. "Lini?"

"Miaka sita. Ungemwacha mzee wa watu afungwe?"

"Asingefungwa. Mzee mwenye macho yale, hakimu angemhurumia."

Maneno yalikaa mezani katikati ya vikombe. Mjomba aliyasikia baada ya kuwa ameshayatoa.

"Habari ya macho yake sikukueleza," Inspekta alisema. "Uliijua kabla yangu. Asubuhi ukaniambia nisimwachie."

"Ndiyo."

"Ungeniomba, mjomba. Ungekuja ukakaa hapo ukaniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo hivyo." Mjomba aliitazama mikono yake. "Binti yangu anampenda yule kijana. Nilifikiri sana. Wewe nimekulea, mama. Yule nimemzaa."

Inspekta aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Miaka thelathini na mitatu alikula katika nyumba ile bila kujua kwamba mezani pana mstari, na kwamba siku moja ungechorwa yeye akiwa upande wa huku. Alikwenda kwenye kabati, akatoa daftari la kijani kwenye rafu ya pili lilipokuwa siku zote, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa na tarehe juu yake.

"Maelezo yako sitayaandika mimi," alisema. "Mimi ni mpwa wako. Sajini ataandika."

Alifungua mlango, akaita. Sajini aliingia, akamwamkia mzee kwa adabu zote, maana naye alifundishwa naye chuoni, akakaa kwenye ukingo wa kochi na kufungua jalada magotini.

"Niulize kitu kabla hatujaanza," mjomba alimwambia Inspekta. "Mimi umeniweka chumba kipi?"

"Sikuwahi kukuweka."

Ilikuwa kweli. Katika daftari zima alikuwepo fundi saa, alikuwepo mwenye mwavuli, walikuwepo majirani, wakubwa wa kazi na yeye mwenyewe. Mjomba hakuwa na ukurasa. Haikumpitikia kamwe kumtazama.

"Anza, mzee," Sajini alisema.

Mjomba alivuta pumzi. "Alikuja hapa Jumanne jioni, baada ya kazi, akaniomba nimsaidie." Mkono wake ulikuwa mezani, umesogeza vijiko viwili vya chai vikalala pamoja, mpini kwa mpini. Akasita, na mkono ukatulia. "Hapana. Nisahihishe hapo. Yeye hakuomba. Mimi ndiye niliyempigia nikamwita."

Sajini aliinua kalamu kwenye karatasi, akageuka kumtazama Inspekta kama alivyozoea, akisubiri aitikie kwa kichwa.

Inspekta aliutazama ule mkono uliotulia juu ya vijiko. Ulikuwa mkono uliomshika kwenye ukumbi wa hospitali, na hakuweza kuusoma.

"Andika tu," alisema.